Msiuze Mnara kwa Kilo

Barua ya wazi kwa wenye mashamba makubwa ya Bonde la Kilombero

Nakala: Msajili wa Hazina, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), wakurugenzi wa halmashauri za Mji wa Ifakara na Mlimba.

YAH: MINARA YA MAJI ILIYOMO MASHAMBANI MWENU

Ndugu Wakurugenzi na Mameneja,

Najua barua nyingi za wananchi huishia mezani kwa katibu muhtasi, kwa hiyo ombi langu naliweka mbele: kabla hamjakata, kuuza wala kutelekeza mnara wowote wa maji uliomo ndani ya shamba, mwiteni mhandisi wa maji aupime, na serikali ya kijiji jirani iwepo siku majibu yanasomwa. Mkishafanya hivyo mkaona bado unafaa kuwa chuma chakavu, uzeni. Sitafungua mdomo.

Yanayofuata ni maelezo ya fundi bomba mstaafu, mtu aliyepanda ngazi za matangi kuliko alivyopanda za ofisi. Mtanivumilia.

Anayetoka Mikumi kuja Ifakara, akishavuka Ruaha pale Kidatu, anakuwa na Milima ya Udzungwa mkono wa kulia karibu njia nzima. Sanje maji yanaanguka mita zipatazo 170. Huko maji hayabembelezwi. Kijiji kinajenga banio kwenye kijito juu, kinalaza bomba, na maji yanateremka yenyewe hadi kwenye kichoteo. Ndiyo maji ya mserereko, na aliyeyapata hajui dizeli inauzwaje. Lakini ukishaipita Kiberege, nchi inalala. Ifakara iko mita 250 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na kutoka mjini kwenda Kivukoni ni tambarare kiasi kwamba mvua ikinyesha maji yanakaa kwanza kufikiria pa kwenda. Maji yapo tele, hata kisima kifupi kinayakuta. Kinachokosekana ni kimo. Kila mita 10 za kimo huyapa maji msukumo wa takriban bar moja, kwa hiyo tangi lililokaa juu ya mnara wa mita 12 linasukuma maji hadi kwenye koki za mtaa mzima usiku kucha, pampu ikiwa imezimwa na mlinzi wake amelala. Mnara ni mlima wa kutengeneza, kwa watu ambao Mungu hakuwapa mlima karibu.

Wenye mipango walilijua bonde hili zamani. Mwaka 1929 mtaalamu aitwaye Telford aliiandikia serikali ya kikoloni taarifa juu ya kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) nao wakatoa yao kuhusu bonde lote la Rufiji. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 ikaanza Kampuni ya Sukari ya Kilombero kwa mtaji wa nje, na mwaka 1965 reli ya kutoka Kilosa kupitia Mikumi ikafika Kidatu. Ikaja RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, mwaka 1975, ikaja reli ya TAZARA iliyokabidhiwa 1976. Tangu hapo mazungumzo ya bonde hili ni hekta, tani na megawati. Maji ya kunywa yaliletwa na kambi ya wafanyakazi, kimyakimya, bila taarifa wala uzinduzi.

Shamba kubwa la wakati huo lilijijengea kila kitu, maana nje ya uzio hakukuwa na cha kutegemea. Nyumba ya pampu ilitangulia, kando ya mto au juu ya kisima. Likafuata bomba la kupandishia, kisha mnara, na kutoka mnarani mabomba yakagawanyika. Nene lilikwenda kiwandani au karakana. La pili lilikwenda kwa meneja, likaingia jikoni, bafuni na bustanini. Makarani walipata bomba uani. Laini za vibarua zilipata koki moja kwa safu nzima ya nyumba, tena mara nyingi mwisho kabisa wa njia, ambako presha imeshachoka. Ukitaka kujua nani alikuwa nani katika shamba la zamani, usihangaike kuuliza wazee: fukua bomba, pima kipenyo chake. Siwalaumu ninyi kwa hilo, hamkuwepo. Nalitaja kwa sababu minara hii haikujengwa kwa ukarimu, na anayetaka ihifadhiwe asianze kwa kuipamba.

Ajabu ni kwamba ile koki ya mwisho ndiyo iliyokuja kulea vijiji. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400. Maji yalikuwa bure. Pampu zikafungwa, injini zikaletwa, na baada ya miaka michache dizeli ikaadimika, vipuri vikaadimika zaidi. Mwaka 1991 ukafika, ukapita. Sera ya Maji ya 2002 ikazirudia zile mita 400, safari hii mwananchi akichangia gharama. Mwaka 2019 tukapata RUWASA, na wimbo wa kumtua mama ndoo kichwani tumeuimba hadi watoto wa chekechea wanaujua. Katika miaka yote ambayo pampu za vijiji zilikuwa zikilala, koki ya shamba mara nyingi ilikuwa ikitoa. Sababu ni moja tu: kiwanda hakikai bila maji, na mwenye kiwanda huitafuta dizeli popote ilipo. Kijiji kilikunywa kwa mgongo wa kiwanda.

Niliutunza mnara mmoja wa namna hiyo, kwenye shamba ambalo sitalitaja. Tangi lake lilikuwa la mabamba ya chuma ya futi 4 kwa futi 4, yamefungwa kwa boli, kila bamba limekandamizwa michirizi ya mshazari ili lisivimbe maji yakijaa. Ni ubunifu wa kampuni ya Braithwaite ya Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20, na ulienea makoloni mengi kwa sababu mabamba yanapakiwa yamepangana, yanaungwa hukohuko yanakokwenda. Ujazo wake hauhitaji mchoro. Simama chini uhesabu: mabamba manne upande huu, manne upande ule, mawili kwenda juu. Hivyo ni vyumba 32, kila kimoja lita 1,800 na ushee, jumla kama lita 58,000. Na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, ile miguu ya chuma ilikuwa inabeba tani 58 kila tangi lilipojaa, mbali na uzito wa tangi lenyewe. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya hesabu hii. Nimewahi kuona taarifa ya mtaalamu aliyelipwa kuikosea.

Ubavuni mwa tangi palikuwa na ubao wa namba, na mbele yake kipande cha chuma kimening'inia kwa waya uliopita juu ya kapi hadi kwenye boya ndani ya maji. Kipimo hicho kinasomwa kinyume: maji yakipanda ndani, chuma kinashuka nje. Vibarua wageni kilikuwa kinawadanganya, wakikiona kiko juu wanajua tangi limejaa, kumbe limebaki tope. Akina mama wa kijijini hawakujishughulisha na ubao. Wao walisikiliza bomba la kumwagia maji ya ziada. Tangi likishajaa, bomba lile lilimwaga kwenye sakafu ya saruji chini ya mnara, na mlio wake ulipokuwa unafika laini ya kwanza, madumu yalikuwa yameshapanga foleni. Hapakuwa na mita wala risiti. Meneja mmoja alijaribu kuwazuia, mwingine akawaacha, wa tatu akawatengenezea kichoteo cha saruji ili tope lisije karakana. Huyo wa tatu ndiye anayekumbukwa hadi leo.

Kisha shamba likabadili mmiliki. Karatasi alizopokea mmiliki mpya ziliuandika mnara kuwa mbovu, na thamani yake ikakadiriwa kwa uzito. Wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu, wakiwa na mitungi ya gesi na kamba. Wakakata mabamba ya juu kwanza, wakayashusha moja moja. Walipofika sakafuni tope la miaka mingi likawamwagikia, watu wakacheka. Miguu waliiangusha mwisho. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeyagonga yale mabamba kwa nyundo kabla. Bamba zima likigongwa hulia, lililoliwa na kutu hutoa sauti butu. Mfuniko ulikuwa umekwisha, ngazi imekwisha, mabamba mawili ya pembeni yanahitaji kubadilishwa. Mengine yote yalilia. Kilichokufa kilikuwa pampu, na pampu ni kitu unachokinunua dukani, unakipakia kwenye pikapu na kukifunga siku hiyohiyo. Mnara mzima ukaondoka kwa sababu ya pampu.

Koki ikakauka. Ifakara na vijiji vyake ni nchi ya baiskeli, kwa hiyo biashara ya maji ya dumu ilipata wenyewe mara moja, na asiye na hela ya dumu akarudi kwenye kisima cha kienyeji na mtoni.

Kuhusu kurudi mtoni tunao ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 1997 kipindupindu kilipiga Ifakara, na watafiti waliochunguza mlipuko ule waliandika waziwazi mambo yaliyoambatana na kuugua: kuoga mtoni, kukaa mbali na chanzo cha maji, na kula samaki wakavu. Umbali wa kwenda kuchota ulikuwa hatari, sawa na maji machafu yenyewe. Halafu ukaja mwaka 2024, Mto Lumemo ukaingia mjini, vyoo na visima vikawa kitu kimoja. Siku za namna hiyo maji yaliyokaa juu ya mnara, yakiwa na mfuniko na dawa, ndiyo pekee ambayo mafuriko hayajayagusa.

Nimetaja mfuniko makusudi. Mji huu ndio wa Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi chini ya Profesa Rudolf Geigy wa Basel, na duniani wapo wataalamu wanaotufahamu kwa mbu wetu tu. Tangi lisilo na mfuniko mahali pengine ni uzembe. Ifakara ni aibu ya ziada.

Mashamba ya bonde hili hubadili mikono kila kizazi. Sukari ilikuwa ya wawekezaji wa nje, ikawa ya umma baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1998 ikabinafsishwa kwa kampuni ya Illovo huku Serikali ikibaki na hisa. Shamba la Mngeta lilianzishwa 1986 kama KOTACO, shamba la ushirikiano na Wakorea wa Kaskazini. Mradi ukafifia, wananchi wakalima humo, kisha miaka ya 2000 likawa Kilombero Plantations Limited, shamba la mpunga, na mwishoni mwa muongo uliofuata kampuni hiyo nayo ikaelemewa na madeni. Muulize mtu yeyote wa Ifakara Mngeta ni nini, atakutajia hekta 5,818. Namba hiyo imeandikwa kila mahali. Lita hazijaandikwa popote tunapoweza kuzisoma sisi raia.

Hapo ndipo barua hii inapomhusu Msajili wa Hazina. Shamba la umma linapokabidhiwa, au hisa za Serikali zinapojadiliwa, orodha ya mali hutaja matrekta, maghala na nyumba. Naomba mnara wa maji, kisima na mabomba yake viwe na mstari wao, na pembeni yake swali moja lijibiwe: nani mwingine anakunywa hapa? Kama jibu ni kijiji, basi mnara huo usiuzwe wala kuvunjwa kabla kijiji hakijapata maji kwingine.

Najua mtakayonijibu, maana nimeshajibiwa.

Mtasema chuma cha miaka 50 ni hatari. Ni kweli kinaweza kuwa hatari, na ndiyo maana naomba mhandisi, siombi mshairi. Apime miguu, msingi, boli na vishikizo vya mshazari. Mnara ulioliwa kutu kwenye mguu wa chini, pale saruji inapokutana na chuma, ushushwe bila mjadala. Hapo ndipo minara mingi huoza kwanza, kwa sababu maji ya mvua hutuama, na hakuna anayekwangua na kupaka rangi.

Mtasema siku hizi kuna simtanki. Zipo, na nyumbani kwangu ninayo. Lakini simtanki ya lita 5,000 inataka nayo pa kukaa juu, na stendi za mbao tunazoona zimeinama kila mtaa ni ushahidi kwamba kimo ndicho ghali, si tangi. Ninyi mnacho kimo kimesimama tayari. Na zama za pampu za sola zimekipandisha thamani badala ya kukishusha: jua linapandisha maji mchana, mnara unayahifadhi, watu wanachota saa 11 alfajiri. Lita 58,000 juu ya miguu ya chuma ni betri isiyokufa. Dizeli iliyoua mradi wa 1971 haimo tena kwenye hesabu.

Mtasema hamuwezi kuruhusu kijiji kizima kiingie ndani ya uzio wenye mashine. Hata mimi nisingeruhusu. Toeni bomba, wekeni mita kwenye uzio, kichoteo kiwe nje, chombo cha watumia maji kikusanye hela na kuwalipa gharama za kupandisha. RUWASA wanavijua vyombo hivyo, vingine vinaendeshwa vizuri na vingine vibaya, kama vyama vyote.

Na wapo watakaosema fundi mzee anataka makumbusho. Sitaki. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na minara yetu haina umri huo. Waziri anayo mamlaka ya kutangaza vilivyo vipya zaidi, lakini sidhani foleni yake itafika Kilombero leo wala kesho. Urusi wameuhifadhi wa kwao. Kule Polibino, kwenye shamba la tajiri Nechaev-Maltsov, umesimama mpaka leo mnara wa maji wa mhandisi Vladimir Shukhov, uliosukwa kwa fito za chuma kwa maonyesho ya Nizhny Novgorod ya mwaka 1896. Tajiri yule aliuona maonyeshoni, akaununua, akauhamishia shambani kwake. Leo wasanifu majengo wanausoma vyuoni. Kuwait nao waliifanya minara yao, iliyofunguliwa 1979, kuwa sura ya nchi, wakati kazi yake ni ileile ya tangi la laini za vibarua. Wa kwetu hauna uzuri huo. Una pembe, una kutu, na namba ya mwaka imepakwa kwa brashi na mtu asiyejua kuandika vizuri. Mimi nauombea kazi, siuombei sifa.

Kwa RUWASA na mamlaka ya maji ya mji nina neno fupi. Mnapochora miradi mipya mnaanza na karatasi nyeupe: kisima kipya, mnara mpya wa mita 9 au 12, tangi jipya. Ndani ya uzio wa jirani pengine kuna mnara uliokwisha kulipiwa zamani. Tembeleeni mashamba kwanza, kuanzia Kidatu mpaka Mlimba, na vituo vya reli na kambi za zamani zikiwemo. Andikeni uliopo, kimo chake, mabamba yake, hali ya miguu, na kijiji kilicho karibu. Hiyo si bajeti ya Bunge, ni pikipiki, nyundo na daftari.

Nanyi wenye mashamba, mnajua bei ya chuma chakavu kuliko mimi. Fanyeni hesabu ya pili: ulizeni kwa mkandarasi yeyote gharama ya kusimamisha mnara mpya wenye ujazo huohuo, mlinganishe na kile mtakacholipwa kwa kilo. Kama baada ya hapo bado mnataka kuukata, niandikieni, nitakuja kuwaangalia.

Masika huanza Machi. Kugonga mabamba ya mnara mmoja na kukagua miguu yake ni kazi ya asubuhi moja, na mafundi wastaafu tunaojua mlio wa bamba zima bado tupo Ifakara, Mang'ula na Kidatu. Tuiteni kabla mvua haijakata barabara za ndani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi bomba mstaafu,
Ifakara